Laka haianikwi juani, jamani

Huyu ni mteja wa tatu mwaka huu kunifanyia hivi. Kaniletea kalamu ya wino ya marehemu babu yake, ya Kijapani, korongo wa dhahabu anaruka kwenye kifuniko. Kabla sijaishika vizuri: "Fundi, rangi ilikuwa inapauka, nikaiweka kwenye dashibodi ya gari siku mbili ikauke vizuri."

Nilishika kichwa.

Ile ni urushi, laka ya Kijapani, utomvu wa mti. Mti wenyewe hukaa miaka kumi na zaidi ndipo uanze kuchanjwa, na msimu mzima unatoa gramu 200 hivi. Vanishi ya kabati lako hukauka kwa sababu tina inaruka hewani, kwa hiyo jua linasaidia. Urushi huganda. Ndani yake mna kimeng'enya kinachotaka oksijeni na unyevu. Hewa ikiwa kavu utasubiri wiki nzima na bado inanata kidoleni. Ndiyo maana mafundi wa Wajima na Kanazawa, miji ya Japani, huweka kazi zao katika kabati la mbao lililoloweshwa ndani, joto nyuzi 20 hadi 25, unyevu asilimia 70 hadi 80. Wanaliita furo, neno lilelile wanaloitia bafu. Bafu! Wewe ukapeleka kwenye dashibodi.

Na kinachoudhi zaidi ni hiki: kampuni ya Namiki, iliyoanza Tokyo mwaka 1918 na ambayo leo ni Pilot, ilianza kupaka kalamu laka ili kuzikinga na mwanga. Eboniti, mpira mgumu mweusi wa mwili wa kalamu, ikipigwa na mwanga hupoteza weusi wake, inageuka kahawia ya chai. Laka ilikuwa koti la eboniti, mapambo yakafuata. Lakini koti nalo lina mwisho: jua kali hulila taratibu, mng'aro unakufa.

Halafu ananiambia korongo "imechorwa kwa rangi ya dhahabu". Hapana. Ile ni maki-e, maana yake picha ya kunyunyiza. Fundi anachora kwa laka, na ikiwa bado mbichi anagonga juu yake kitete cha mwanzi kilichofungwa hariri mdomoni, unga wa dhahabu unashuka kidogo kidogo. Kwenye aina iitwayo togidashi, picha ikishaganda anaifunika yote kwa laka nyeusi. Yote, kazi ya majuma! Kisha anaisugua kwa mkaa mpaka korongo achomoze tena, sawasawa na uso wa kalamu, ukipitisha ukucha haukwami popote.

Vitabu vinataja saa za kusubiri kabla ya kunyunyiza. Mimi saa zimenishinda. Napuliza pumzi juu ya laka na kutazama ukungu unavyoshika. Siku nyingine nakosea. Na masika ya Dar ndiyo yanayonitia aibu: wenzetu furo inawaongezea unyevu, mimi mwezi wa nne nahangaika kuupunguza. Laka ikiganda upesi mno, juu inafanya utando kama wa maziwa na kukunjamana, chini bado mbichi. Mwaka jana nilipiga msasa tabaka tatu nikaanza upya.

Jambo jingine, kwa waliowahi kubangua korosho Mtwara: yale mafuta ya ganda yanayobabua vidole, urushi mbichi nayo hubabua vivyo hivyo. Mkorosho na mti wa urushi ni ukoo mmoja. Wajapani hata hutengeneza laka ya bei nafuu kwa mafuta hayo ya korosho, na nikiri: ikishang'arishwa, ukinipa kalamu mbili mkononi, kwa macho tu siwezi kukuapia ipi ni ipi.

Tukirudi kwa korongo. Dhahabu yake ni nzima. Weusi wa chini ndio uliofifia upande mmoja, ule uliotazama kioo cha gari. Kung'arisha kutarudisha kidogo. Nikipaka tabaka jipya utarudi wote, ila itabidi nipite juu ya saini ndogo nyekundu ya fundi aliyeitengeneza, na hapo sijui itabaki kalamu ya nani. Nimemwambia mwenyewe achague.

Ameuliza kama wakati anafikiri anaweza kukaa nayo. Nimemwambia itakaa kwangu, kabatini.