Mkaa mwekundu, gesi ya Mtwara na mengine tunayoambiana Dodoma

Juni na Julai, Dodoma ikiamua kuwa baridi, nyumba zetu nyingi zina kanuni moja: jiko la mkaa liwashwe uani, lipepewe mpaka mkaa wote uwe mwekundu, moshi ukiisha liingizwe chumbani. Nimelala hivyo mwenyewe nikiwa mpangaji Nkuhungu, mlango nimefunga na tambara nimesokomeza chini yake ili upepo usipite. Niliamka kichwa kinagonga kama kinu, tumbo limechafuka, miguu haina nguvu. Mama mwenye nyumba akasema, "Hiyo malaria, mwanangu." Nikakaa uani kwenye upepo kama nusu saa, malaria ikaanza kuondoka yenyewe.

"Mkaa ukishakuwa mwekundu hauna madhara"

Moshi tunauogopa kwa sababu unachoma macho na kukohoza, na mtu akikohoa anatoka. Mkaa mwekundu kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hukaa mahali pa oksijeni, na hung'ang'ania hapo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Hewa hii haimkohozi mtu. Inamlegeza, inamletea usingizi, na wengine hawaamki. Jiko banifu linapunguza mkaa unaotumia, ila na lenyewe halifai kulala nalo.

"Mkaa ni msafi kuliko kuni"

Kwa jikoni kwako, kweli kuna nafuu. Lakini moshi wa mkaa haukupotea, uliachwa porini siku tanuri lilipowashwa. Miti hupangwa, hufukiwa kwa majani na udongo, kisha huachwa iungue taratibu kwa siku kadhaa, na katika matanuri yetu ya kienyeji kilo moja ya mkaa hula kilo sita hadi kumi za kuni. Mama wa Mvumi anayeokota matawi makavu anaumiza mapafu yake, ila mgunga ameuacha umesimama. Gunia linaloingia mjini na kilemba chake cha majani limetoka kwenye mti uliokatwa ukiwa mzima.

Na hapa kwetu mti haurudi upesi. Mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Wazee wa Kondoa hawahitaji kuelezwa ardhi ikivuliwa nguo inakuwaje: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza 1973 kwa sababu ya makorongo, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye vilima vya Kondoa Irangi ili majani yaote.

"Sisi Watanzania hatuchafui hewa, wachafuzi ni Ulaya na Marekani"

Nusu ya kauli hii naitetea. Kaboni dioksaidi inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe ni kama robo tani kwa Mtanzania mmoja kwa mwaka. Wastani wa dunia unakaribia tani 5, na Mmarekani anafika 14 hivi. Anayetaka kumtwisha mzigo wa dunia mkulima wa uwele wa Kongwa akatafute mwingine.

Lakini hesabu hiyo haigusi mti uliokatwa wala ng'ombe. Kwa takwimu za serikali tunapoteza karibu hekta 470,000 za misitu kila mwaka, na huko ndiko inakotoka sehemu kubwa ya gesi zetu zinazopasha dunia joto. Bomba la moshi la basi ni dogo mbele yake. Ng'ombe naye anatoa methani, nayo ni gesi inayopasha dunia joto. Watu hucheka wakidhani inatokea nyuma, kumbe nyingi hutoka mdomoni, anapocheua.

"Gesi ya mtungi ni ya Mtwara, kwa nini iwe ghali?"

Hili nalisikia kila bei inapopanda, na anayelisema huwa ana hasira ya haki. Ila ni gesi mbili tofauti. Ya Songosongo na Mtwara ni methani. Inasafiri kwenye bomba hadi Dar es Salaam, ambako nyingi huchomwa Ubungo na Kinyerezi kuzalisha umeme. Methani haigeuki kimiminika kirahisi, inataka baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri, kwa hiyo huwezi kuibana tu kwenye mtungi wa kilo 6 ukaifunga kwenye bodaboda. Iliyo mtungini mwako ni propani na butani, ambazo zikibanwa kidogo tu zinakuwa maji. Tikisa mtungi, utayasikia yakicheza. Hizo tunaziagiza nje, zinakuja kwa meli, na bei yake inafuata soko la dunia na dola. Kwa hiyo ukipika kwa gesi Dodoma bado unachoma mafuta ya kisukuku, yaani ya kuchimbwa ardhini. Mimi nasema choma. Ukilinganisha na moshi wa kuni unaomwingia mama na mtoto wa mgongoni, hakuna ubishi.

"Maharage kwa umeme? Utamaliza LUKU"

Inategemea umeyaweka kwenye nini. Jiko la koili la wati 1,500 linakula uniti moja na nusu kwa saa, na maharage ya saa tatu yatakutoa jasho. Jiko la presha la umeme hujikata lenyewe joto likitosha. Nilisoma mita kabla na baada ya nusu kilo ya maharage, na haikufika uniti moja. Mwenye matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, yule wa D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Wengine wa majumbani hulipa 292. Tatizo liko hapo: mpishi wa D1 akianza kupika kila kitu kwa umeme anaweza kuzivuka hizo 75. Kwa hiyo hofu ya LUKU ina msingi, ila si huo tunaoutaja.

"Mtera ikijaa, umeme haukatiki"

Bwawa la Mtera ni megawati 80 tu. Kazi yake kubwa zaidi ni kuitunzia maji Kidatu, yenye megawati 204. Siku hizi Bwawa la Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115. Umeme ukikatika mtaani kwako na mtaa wa pili unawaka, usiulize maji, uliza nguzo na transfoma.

"Jua kali la Dodoma ndilo zuri kwa sola"

Paneli inataka mwanga. Joto linaipunguzia nguvu kila inapopita nyuzi 25, kwa hiyo Julai yenye anga safi inaweza kuishinda Novemba ya kuungua. Na vumbi letu la Septemba lifutwe.

"Ukinunua mtungi, umehama mkaa"

Hesabu za mitungi iliyogawiwa hazioni jikoni. Mwaka jana nilimtembelea yule mama wa Nkuhungu. Ana mtungi sasa. Chai ya asubuhi anachemshia gesi, maharage na makande bado ni mkaa. Nilipofika mtungi haukuwa jikoni. Ulikuwa sebuleni pembeni ya televisheni, umevishwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu yake ameweka maua ya plastiki.