Unukuzi wa Kithai si matamshi yake

Neno "unukuzi" linazidi kutumiwa kana kwamba ni jina jingine la matamshi. Katika orodha za maneno ya Kithai zinazoandaliwa kwa ajili ya Waswahili wanaokwenda Bangkok kwa masomo au kwa biashara ya vito na nguo, safu iliyoandikwa kwa herufi za Kirumi hupewa kichwa "matamshi", na anayejifunza huambiwa asome kama ilivyoandikwa. Ushauri huo unafaa kwa Kiswahili, ambacho herufi zake na sauti zake zinakaribiana sana, lakini kwa Kithai unampotosha mtu tangu neno la kwanza.

Unukuzi ni kuandika maneno ya lugha fulani kwa alama ambazo si za hati yake ya kawaida, kwa kufuata kanuni zilizokubaliwa. Maana yake ndiyo hiyo. Lenye uzito zaidi ni kujua kanuni hizo zinafuata nini, kwa sababu zipo zinazofuata herufi na zipo zinazofuata sauti, na mara nyingi hizi mbili hazikutani.

Chukua jina la uwanja mkubwa wa ndege wa Bangkok uliofunguliwa mwaka 2006, ambalo kwa herufi za Kirumi huandikwa Suvarnabhumi. Tahajia hiyo inafuata asili ya jina katika Kisanskriti, lenye maana ya nchi ya dhahabu, na inalingana na herufi ambazo Wathai wenyewe wanaziandika. Hata hivyo Mthai analitamka kwa namna inayokaribia "Suwannaphum": v imekuwa w, r haisikiki, na i ya mwisho imeandikwa lakini haitamkwi kabisa. Mfalme aliyelichagua jina hilo naye dunia inamwandika Bhumibol, ilhali kwa Kithai jina lake ni "Phumiphon", kwa kuwa herufi ya l ikikaa mwishoni mwa silabi hutamkwa n. Aliyeandika Bhumibol hakukosea, kwani alihamisha asili ya jina. Anayekosea ni yule anayeichukua tahajia hiyo kuwa ushahidi wa jinsi jina linavyosikika.

Hapo mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kutumia mfumo unaofuata sauti, na mfumo huo upo. Mfumo rasmi wa Taasisi ya Kifalme ya Thailand, ambao toleo lake linalotumika ni la mwaka 1999, hufuata sauti na wala haujali asili ya neno. Ndio unaoonekana kwenye vibao vingi vya barabarani na kwenye ramani, na kwa kazi hiyo unafaa, kwa sababu mgeni anahitaji jina analoweza kulitambua na kulilinganisha na lile lililo kwenye tiketi yake. Lakini mfumo huu hauonyeshi toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, hautofautishi irabu fupi na ndefu, unatumia o moja kwa irabu mbili tofauti, na unatumia ch moja kwa konsonanti mbili ambazo Mthai hazichanganyi hata siku moja. Kithai kina toni tano: ya kati, ya chini, ya kushuka, ya juu na ya kupanda. Mtu akiziondoa hizo pamoja na urefu wa irabu, amebakiwa na mifupa ya neno tu.

Matokeo yake ni kwamba tahajia "khao" inabeba wali, habari, rangi nyeupe, mlima, yeye na kitenzi cha kuingia. "Chan" inabeba mimi, sahani na mwezi wa angani. Linaloniudhi kuliko yote ni "klai", kwa kuwa kwa toni ya kati neno hilo ni mbali, na kwa toni ya kushuka ni karibu, kwa hiyo mgeni anayeuliza njia huku akisoma safu iliyoitwa matamshi hana namna ya kujua ameambiwa lipi kati ya hayo mawili.

Msomaji wa Kiswahili ana mitego yake juu ya hiyo. Akiona th anaitamka kama katika "thamani", na akiona ph anasoma f kwa mazoea ya Kiingereza, ilhali katika mfumo huu h ni alama ya mpumuo tu, na Phuket huanza kwa p yenye pumzi. Sauti hizi si ngeni pwani kwetu. Mzaliwa wa Mombasa anatofautisha kaa la moto na kaa wa baharini kwa mpumuo wa k, na paa la nyumba na paa wa porini kwa mpumuo wa p, ingawa tahajia sanifu haimwonyeshi tofauti hiyo, naye hajawahi kuihitaji kwenye maandishi kwa sababu amelelewa katika lugha hiyo. Halafu kuna "suea", ambayo Mswahili ataigawa katika silabi tatu na kutia mkazo kwenye e, wakati kwa Kithai ni silabi moja, na ue yake inawakilisha irabu ambayo Kiswahili hakina. Hata toni haziwi ngumu kwa watu wote sawasawa: anayezungumza Kiganda au Kiluba nyumbani ana sikio lililokwisha kuzizoea toni, na anachokosa ni ishara kwenye karatasi ya kumwambia atumie ipi.

Ishara hiyo ipo katika hati ya Kithai yenyewe. เสือ ni chui milia, เสื่อ ni mkeka na เสื้อ ni shati, na hata asiyejua kusoma Kithai anaona kwamba kinachotofautiana ni kialama kidogo kilicho juu, ambacho unukuzi rasmi unakifuta na kuacha "suea" mara tatu. Ni kweli kwamba alama peke yake haitoshi, kwa kuwa toni inategemea pia kundi la konsonanti, urefu wa irabu na jinsi silabi inavyofungwa. Katika ใหม่, yaani -pya, na ไม่, yaani si, alama ni ile ile moja, lakini ya kwanza husomwa kwa toni ya chini na ya pili kwa toni ya kushuka, kwa sababu konsonanti zao ni za makundi tofauti. Kanuni hizo zinachosha mwanzoni, lakini zinafundishika, na anayezijua huweza kupata toni ya neno ambalo hajawahi kulisikia.

Kwa hiyo anayeandaa orodha ya maneno ya Kithai naomba abadilishe kichwa cha safu ile kiwe "unukuzi", ataje ni mfumo upi aliofuata, na aweke kando yake neno lenyewe kwa hati ya Kithai. Akiweza, aongeze alama za toni juu ya irabu kama zinavyofanya kamusi nyingi za wanafunzi, pamoja na sauti iliyorekodiwa na mzungumzaji wa Kithai. Na msomaji akimuuliza "khao" inatamkwaje, kabla ya kumjibu amuulize kwanza anakusudia "khao" ipi.