Boti ya mtumba na jina jipya: mkosi uko wapi hasa?

Anayenunua boti iliyokwisha kutumika hupewa ushauri wa bure kabla hajawasha hata injini: jina ulilolikuta liache hapo hapo, ukilifuta umeita mkosi. Imani hii ni ya mabaharia wa Ulaya na Marekani zaidi kuliko ya kwetu, ingawa penye vilabu vya yoti kama Msasani na Kilifi si ajabu kuisikia. Imezungukwa na visa vingi vinavyosimuliwa kama ushahidi, na vingi kati ya hivyo ukivifuatilia vinasema kinyume kabisa.

"Chombo kilichobadilishwa jina hakina mwisho mwema"

Waulize watu wa Kigoma. Mwaka 1913 meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam, kisha ikaungwa upya kando ya Ziwa Tanganyika. Iliitwa Graf von Goetzen, na kwa jina hilo la kuzaliwa ilizama mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Julai 1916: Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikaangukia mikononi mwa adui, wakiwa wameipaka mitambo grisi kwa matumaini ya kuirudia. Wabelgiji wakaiibua, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaitoa majini mwaka 1924, wakaikarabati, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe ambalo Livingstone alilisikia na kuliandika.

Ni baada ya kubadilishwa jina ndipo meli hii ilipopata maisha marefu. Ilibeba dagaa, mahindi, maharusi na maiti kwa miongo mingi. Mwaka 1997 ilirudisha makwao wakimbizi wa Kongo kwa makumi ya maelfu, na mwaka 2015 ikawachukua Warundi waliokuwa wamekwama ufukweni Kagunga. Kama kuna jina lililokuwa na nuksi hapo, ni lile la kwanza.

Visa vya namna hii ni vingi. Baharia Mwingereza Francis Drake aliibadilisha meli yake jina katikati ya safari, mwaka 1578, kutoka Pelican kuwa Golden Hind, ili kumpendeza mfadhili wake ambaye nembo ya ukoo wake ilikuwa kulungu jike. Katika msafara wake wote ni hiyo peke yake iliyoizunguka dunia na kurudi Uingereza, mwaka 1580, ikiwa imesheheni fedha iliyoporwa kwa Wahispania. Meli ya mvumbuzi Mwingereza James Cook, Endeavour, nayo ilikuwa mtumba mtupu: ilijengwa Whitby mwaka 1764 kubebea makaa ya mawe, ikiitwa Earl of Pembroke, na ikapewa jina jipya serikali ilipoinunua mwaka 1768.

Wanaoitetea imani hii watakutajia Endurance, meli ya Shackleton, mpelelezi wa Antaktika, iliyozaliwa Polaris na kusagwa na barafu mwaka 1915 katika Bahari ya Weddell. Ni kweli. Lakini watu wote 28 waliokuwamo walirudi hai, jambo ambalo msimulizi wa mikosi hulisahau haraka. Watakutajia pia Mary Celeste, meli iliyokutwa Desemba 1872 ikielea katika Atlantiki bila mtu hata mmoja. Hiyo ilijengwa Nova Scotia mwaka 1861 kwa jina la Amazon, na kwa jina hilo nahodha wake wa kwanza aliugua akafa katika safari ya kwanza kabisa. Mwaka 1867 dhoruba ikaisukuma pwani ikaharibika vibaya, wenyewe wakaisusa. Jina la Mary Celeste lilikuja baada ya hayo yote. Maafa yalitangulia jina.

Sasa turudi nyumbani, kwenye habari isiyo na mzaha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba. Ilijengwa Ugiriki mwaka 1967 ikiitwa Marianna, kwa hiyo ilikuwa imebadilishwa jina. Chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Hii nayo ilikuwa ya mtumba, iliyojengwa mwaka 1989 kwa ajili ya kuvusha abiria katika jimbo la Washington, Marekani, kwenye maji yaliyokingwa na visiwa. Ililetwa kwetu na jina lake la zamani na halikuguswa. Moja ilibadilishwa jina, nyingine haikubadilishwa, na zote mbili ziliondoka na ndugu zetu. Ya kwanza ilikuwa imejazwa watu na mizigo kupita kiasi, ya pili ilikutana na upepo mkali na mawimbi ya mkondo ambao haikujengwa kwa ajili yake. Anayeanza kuzungumzia jina mbele ya misiba hiyo anawasaidia waliopakia.

Meli za mizigo za dunia hubadilishwa majina takriban kila zinapouzwa, na hakuna anayezihesabu zinazofika salama. Ikizama moja, mtu huchimbua majina yake ya zamani na kusema, "Unaona?"

"Ni sharti la kale la Wagiriki: Poseidon ana daftari"

Kisa kinachoenezwa ni kwamba mungu wa bahari, Poseidon kwa Wagiriki au Neptune kwa Warumi, ana daftari lililoandikwa jina la kila chombo, na ukibadilisha jina bila ruhusa yake utaonekana unamficha kitu. Kisa kitamu. Lakini ukiwasoma washairi wa kale wa Ugiriki, Homer hana daftari hilo, Hesiod hana. Wagiriki na Warumi walikuwa wakimwaga divai na kutoa kafara kabla ya kung'oa nanga, hilo halina ubishi. Hata hivyo ibada ya "kuvua jina", ile ya kuliaga jina la zamani kabla ya kuweka jipya, kama inavyosomwa leo, na shampeni na hotuba kwa pepo nne za Kigiriki, ina lugha ya waandishi wa majarida ya yoti wa karne ya 20, wenye ucheshi wao, kuliko lugha ya makuhani.

Tena ukimsoma Homer vizuri utakuta ajabu. Shujaa wake, Odysseus, alisalimika na lile zimwi la jicho moja kwa kujiita Hakuna-Mtu. Balaa lilimpata pale alipokuwa tayari yuko chomboni, akashindwa kuzuia majivuno na kulipigia kelele jina lake halisi. Zimwi likamwomba baba yake, Poseidon, na Poseidon akajua wa kumwandama ni nani.

Chanzo kilicho karibu zaidi ni riwaya moja ya maharamia ya mwaka 1883, ambamo haramia mmoja anasema meli ibaki na jina iliyobatizwa nalo, akitoa mfano wa watu wa Bartholomew Roberts. Roberts alikuwa mtu kweli. Alikuwa na mazoea ya kuteka meli na kuipa jina la Royal Fortune, kisha akipata nyingine bora anaihamishia jina hilo hilo. Aliuawa Februari 1722 karibu na Cape Lopez, katika Gabon ya leo. Kilichomuua ni risasi za mzinga wa meli ya kivita ya Kiingereza iliyokuwa ikimsaka.

Ninavyoona mimi, shaka ya zamani juu ya chombo kilichobadilishwa jina ilikuwa shaka ya watu wa bandari na wenye mali zaidi ya shaka ya miungu. Aliyefuta jina tezini, yaani nyuma ya chombo, alikuwa na sababu: wizi, uharamia au madeni. Ndiyo maana sheria ya meli ya Uingereza ya mwaka 1894 ilikataza jina kubadilishwa bila idhini ya maandishi ya serikali.

"Ibada yake ni moja dunia nzima"

Sivyo. Mabaharia wa Ufaransa hawana habari na daftari. Kwao kila chombo kina nyoka anayekifuata, huitwa macoui, naye ni ule mkia wa povu unaobaki nyuma. Anayetaka kubadilisha jina huchagua tarehe 15 Agosti, huenda mbisho akipindapinda dhidi ya upepo, kisha hugeuka na kuukata mkia wake mwenyewe ili nyoka apoteze njia. Hapo jina jipya linaingia kwa amani.

Pwani yetu hofu kubwa haikuwa jina. Hofu ilikuwa jicho la hasidi. Vyombo vya Lamu vilichorwa macho omoni, yaani mbele, na jahazi likishushwa majini husomewa dua, ubani ukafukizwa, na mwenye uwezo akachinja mbuzi watu wakala. Mwenyewe mpya akitaka kuliita Tawakal lililokuwa Subira, anaita mwalimu na fundi wa rangi, siku hiyo hiyo. Na Mwanza, MV Victoria ya mwaka 1960 ilipotoka kwenye ukarabati mkubwa mwaka 2020 ikiwa New Victoria Hapa Kazi Tu, mjadala uliosikika ulikuwa wa siasa, Neptune hakutajwa.

"Chupa isipopasuka, umekwisha"

Ni desturi ya Kizungu kupasulia meli chupa ya shampeni inapopewa jina, na mfano wa wenye imani hii ni meli ya watalii Costa Concordia: chupa iligoma kupasuka, na Januari 2012 meli ikagonga mwamba kisiwani Giglio, Italia, watu 32 wakafa. Nahodha aliisogeza mno ufukweni, hiyo ndiyo habari yenyewe. Titanic haikupasuliwa chupa kabisa kwa kuwa kampuni yake haikuwa na desturi hiyo, na pacha wake Olympic, ambayo nayo haikupasuliwa, ilisafiri tangu 1911 hadi 1935. Kama boti yako ni ya faiba, mimina tu. Chupa itaikwaruza rangi na vigae vya kioo vitakaa pale pale watoto wanapoogelea.

"Futa kila alama ya jina la zamani, hata vitabu"

Hapa ushirikina unaanza kula pesa. Masharti ya ibada ya Kizungu husema kila chenye jina la zamani kiondoke kabla jipya halijapanda: maboya, makasia, kishikio cha funguo, hata kitabu cha safari. Maboya sawa, ni lazima yabadilishwe. Lakini kitabu cha safari na cha injini ndicho kinachokueleza mafuta yalibadilishwa lini, chombo kiligonga wapi, pampu ipi inasumbua. Hivyo vifungie kabatini nyumbani. Ukija kuuza, mnunuzi makini ataviulizia kabla ya kuuliza bei.

Namba nazo usiziguse. Boti zinazotengenezwa Marekani tangu 1972 zina namba ya bodi yenye herufi na tarakimu 12, na meli kubwa zina namba ya IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, ya tarakimu saba. Ukikuta namba ya bodi imesuguliwa kwa msasa, achana na uganga, muulize muuzaji maswali ya kipolisi.

"Jina jipya, historia mpya"

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, na inaaminiwa na watu wasiojali mikosi hata kidogo. Exxon Valdez ilimwaga mafuta Alaska mwezi Machi 1989 ikiwa na jina lake la kwanza. Baada ya hapo iliitwa Exxon Mediterranean na majina mengine kadhaa, hadi ilipokatwakatwa Alang, India, mwaka 2012 ikiitwa Oriental Nicety. Hakuna aliyesahau, kwa sababu namba ya IMO haibadiliki jina likibadilika, wala bendera, wala mwenyewe.

Madeni pia hayajui kusoma rangi. Katika sheria za bahari mishahara ya mabaharia na gharama za uokoaji hukiganda chombo, si aliyekuwa akikimiliki tu. Unaweza kununua boti kwa nia safi, ukaipa jina la mama yako, na ikazuiwa bandarini kwa deni la mtu usiyemjua. Kabla ya kumtafuta fundi wa kuchora, nenda TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli) kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, au KMA (mamlaka ya bahari) kwa Kenya, ukaangalie usajili unasema nini.

"Basi kubadilisha jina hakuna hatari yoyote"

Ipo, na wenye ibada hawaitaji. Redio ya VHF ya kisasa, ile ya mawasiliano ya chomboni, hubeba namba ya utambulisho ya MMSI ya tarakimu tisa iliyofungamanishwa na jina la chombo na mwenyewe. Kifaa cha EPIRB, kile kinachopeleka ishara ya dharura kwa setilaiti, nacho kimesajiliwa kwa jina hilo na simu za watu wa kupigiwa. Usipovisajili upya, siku ukizama waokoaji watatafuta boti yenye jina ulilolifuta, na simu ya kwanza itapigwa kwa aliyekuuzia, ambaye huenda yuko nchi nyingine na atajibu kwa moyo mweupe kwamba yeye hayuko baharini.