Goti Lako Halijakauka, Limejaa

Jumatatu asubuhi mchezaji mwenzangu aliingia chumba cha mazoezi akichechemea, kwapani kabana chupa ya lita moja na nusu. Ndani yake kulikuwa na bamia zilizokatwakatwa na kulowekwa usiku kucha, maji yameshakuwa ya kuvutika. Uwanjani huniita kaka, lakini akifika kazini kwangu hubadilika. "Dokta, wiki ya tatu hii nakunywa," akasema, "ila ute haujarudi." Akapandisha bukta. Goti la kushoto lilikuwa limeumuka kama andazi.

Suala hili la ute, kwamba goti likiuma ni ute wake umekauka na bamia au kongoro huurudisha, nimelinyamazia miaka mingi kwa adabu tu. Mara nyingi anayeniambia "ute umekauka" ni mama wa makamo kutoka Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, kaja na mjukuu, na mimi sikulelewa kubishana na mama wa watu. Lakini huyu ana miaka 34, ana simu ya bei kuliko yangu, na goti ni lilelile tulilolihangaikia mwaka jana mara mbili. Hii ni ya tatu. Leo naandika, na nikiulizwa tena nitamtumia mtu ukurasa huu nirudi kunywa chai yangu.

Kwanza, mimi ni fizio, wale mnaotuita madaktari wa mazoezi. Jioni nacheza mpira wa magongo. Nikisema "nacheza magongo" hapa Tanga, nusu ya watu wanasikia gongo, ile pombe, na kunitazama kwa huruma. Haya, ni hoki, ya nyasi, ile ile ambayo Tanzania ilipeleka timu Olimpiki ya Moscow 1980, India ikatufunga 18 kwa 0. Tupo wachache, tunacheza kwenye kiwanja kigumu kama sakafu, na magoti yetu ndiyo yanayolipa.

Sasa ute. Goti zima la mtu mzima lenye afya lina mililita chache tu za ute. Kijiko cha chai hakijai. Hutengenezwa na utando laini unaolizunguka goti kwa ndani, ambao huchuja maji kutoka kwenye damu na kuyaongezea asidi ya hailuroniki, ndiyo yanakuwa mazito na ya utelezi. Utando huo ukichokozwa, iwe goti limejipinda au gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, limekwaruzika, haukauki. Unafanya kinyume chake: unamwaga. Daktari akichoma sindano kwenye goti kama lile la Jumatatu anaweza kuvuta mililita 40, 60, hata zaidi. Yaani ndugu yangu anayelia ute umemwishia anao mara kumi ya nilio nao mimi.

Na bamia? Utelezi wa bamia ni nyuzinyuzi. Unashuka tumboni, unafika utumbo mpana, bakteria wanajipatia chakula chao, basi. Kama kila chakula kingekwenda kwenye kiungo kinachofanana nacho, wanywaji wa supu ya pweza pale Deep Sea, hapa mjini, wangekuwa na mikono minane. Kongoro sina ugomvi nayo, yenye ndimu na pilipili ni tamu sana, na hata bamia ni mboga nzuri. Ugomvi wangu ni wiki tatu. Wiki tatu mtu anakunywa na kusubiri, na wakati anasubiri kuna kitu kinaoza polepole juu ya goti, hakitazami kabisa kwa sababu hakiumi.

Kitu hicho ni paja, na hapa mnivumilie, maana ndipo panaponikera.

Ndani ya goti kuna neva zinazopima mgandamizo. Maji yakizidi, zinapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, nao unapunguza amri inayokwenda kwenye msuli mkubwa wa mbele ya paja. Mwenye goti haulizwi. Wala si lazima asikie maumivu. Kuna majaribio yaliyofanywa zamani kwa watu wenye magoti mazima: waliingiziwa maji ya chumvi gotini kwa sindano, na mililita 20 hadi 30 zikatosha kuuzubaisha msuli ule unaotuna juu ya goti kwa upande wa ndani. Hawakuumia popote, lakini paja liligoma. Sasa fikiria goti lililojaa mara mbili ya hapo, kwa wiki tatu.

Mzunguko unakwenda hivi. Jumamosi goti linajipinda, Jumapili limevimba. Unalala, unakandwa, unameza vidonge vya maumivu vya duka la jirani. Wiki ya pili maumivu yanaisha, kwa sababu hakuna anayelisumbua goti! Mtu aliyelala haumizwi na ngazi. Unajitangazia umepona. Unarudi uwanjani na paja lililosinyaa, na mzigo ambao paja lilitakiwa kuubeba unabebwa na ligamenti zinazofunga mfupa kwa mfupa, meniskasi, yaani vile vipande vya gegedu katikati ya goti, na pia ya goti (wazee wanaiita kilegesambwa, jina tamu kuliko yote ya mwilini). Dakika ya 20 unapinda tena. Goti linajaa, paja linazimwa zaidi, na safari hii unaanzia chini kuliko mara ya kwanza. Kisha unasema goti lako "lina jini". Mji wetu una msemo wake, waja leo waondoka leo. Maumivu ni mgeni wa namna hiyo hiyo, ila akiondoka anaondoka na paja.

Mtu wangu hakuamini. Nikachukua tepu ya fundi cherehani, nikaweka alama kwa kalamu sentimita 15 juu ya pia ya goti, miguu yote miwili, nikazungusha. Kulia 52. Kushoto 49 na nusu. "Tepu imelegea," akasema. Nikapima upya, ikaja ileile. Nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki, mikono kifuani, nikamwambia asimame kwa mguu mmoja na kukaa taratibu bila kujibwaga. Kulia alikwenda 14 huku akinisimulia habari za ligi ya Uingereza. Kushoto alinyanyuka mara mbili. Ya tatu makalio yaliachana na kiti kidogo, paja likaanza kutetemeka kama mtu wa homa, mkono ukakimbilia meza. Hakusimulia tena ligi. Na huyu, nawakumbusha, alikuwa amekuja kuniuliza kama Jumamosi acheze, kwa sababu "haliumi sana".

Mwenye kutaka kujua kama goti lake lina maji afanye hivi. Kaa kitandani, nyoosha mguu, legeza paja. Kwa kiganja, futa upande wa ndani wa goti kutoka chini kwenda juu mara mbili tatu, kama unavyokusanya unga mezani. Kisha shusha mkono upande wa nje, juu kwenda chini, macho yakiwa upande wa ndani. Kibonde cha ndani kikitutumka, kuna maji. Kikijirudishia chenyewe hata kabla hujagusa upande wa nje, kama maji yanavyojaa pwani ya Raskazone wewe ukiwa umekaa tu, basi yapo mengi, na hapo habari ya kukimbia haipo.

Mambo ya haraka sasa. Goti lililovimba ndani ya saa mbili tangu liumie mara nyingi limejaa damu, siyo ute. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Limekwama, halinyooki? Hospitali. Huwezi kupiga hatua nne? Hospitali. La moto, jekundu, na una homa? Hospitali usiku huu, usingoje kukuche. Kuchua kwa nguvu na kukanda kwa maji ya moto siku ya kwanza, acheni. Barafu ndani ya taulo, bandeji, mguu juu ya mto. Soksi ya goti vaa ukitaka, inakupa moyo, haikupi paja.

Magongo yana visa vyake ambavyo mpira wa miguu hauna. Unacheza umeinama, goti limekunjwa muda wote, na gongo lina upande mmoja tu bapa unaoruhusiwa kugusa mpira. Magongo ya mashoto hayapo. Ukizaliwa shoto utacheza kama sisi. Kwa hiyo mwili unarudia msokoto uleule jioni nzima: mguu wa kushoto mbele, gongo limelazwa chini, goti la kushoto linakaribia ardhi, kisha unasukuma kuinuka huku kiwiliwili kinageuka. Hamsini, mia moja. Wanaokuja kwangu kutoka timu yetu wengi wanalalamikia kushoto, na sioni jini hapo. Nikiwaambia wainame kwa magoti wanainama kwa mgongo, na mwezi unaofuata wananiletea mgongo.

Dawa yenyewe haina mvuto, ndiyo maana bamia inanishinda kwa umaarufu. Unaanza na taulo iliyokunjwa chini ya goti: unaikandamiza kwa nyuma ya goti, unahesabu tano, unaachia, mara kumi, mara kadhaa kwa siku, mpaka paja likumbuke kazi yake. Maji yakipungua, kiti cha plastiki, miguu miwili kwanza. Kisha ngazi, kushuka polepole kuliko kupanda. Baadaye mguu mmoja, baadaye uzito mgongoni. Begi la shule lenye kilo kadhaa za mchele linatosha. Na baiskeli, jamani, mji mzima huu una baiskeli! Pandisha kiti mpaka kanyagio likiwa chini kabisa goti libaki limekunjika kidogo tu, kanyaga tambarare, kaa mbali na vilima. Goti lisilokunjika vizuri halitazungusha kanyagio, usililazimishe, rudi kwenye taulo.

Kipimo cha kila siku ni goti la asubuhi. Ukifanya mazoezi na kusikia maumivu kidogo, tatu kwa kumi hivi, sina neno. Lakini kesho yake ukiamka goti limejaa kuliko jana, jana ulizidisha, punguza, usiache. Watu wengi wakisikia "punguza" wanaacha kabisa, na wakisikia "ongeza" wanakwenda kucheza mechi. Katikati hapo ndipo kazi yangu yote ilipo.

Je, unarudi lini? Vitabu vinasema mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake, kwa nguvu na kwa kuruka. Naitumia namba hiyo kila siku na siiamini sana. Mguu mzima nao umelala wiki zote hizo, umelegea. Ukilinganisha mgonjwa na mvivu, mgonjwa ataonekana mzima. Nimewapitisha watu kwa asilimia 92 wakarudi wanachechemea ndani ya mwezi. Sasa ninadai pia mtu akimbie, ageuke ghafla na gongo mkononi, siku tatu tofauti, na asubuhi zake zote tatu goti libaki kavu. Hilo halimo kwenye kitabu chochote nilichofundishiwa, nimelitunga mwenyewe kwa kuchoka. Kwa waliofanyiwa upasuaji wa ACL, ligamenti kubwa ya ndani ya goti, nina msimamo mgumu zaidi: utafiti wa Norway na Marekani uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi, mpaka kufikia miezi 9, ulipunguza kuumia upya kwa takribani nusu. Ukiniambia miezi sita inatosha kwa sababu mchezaji fulani wa Ulaya amerudi, nitakuuliza kama unalipwa kama yeye.

Na nikiri moja. Goti langu la kulia lilikwenda mara mbili, ndani ya msimu mmoja, nikiwa tayari nimeajiriwa kuwaambia watu wasifanye hivyo. Nilijifanyia vipimo mwenyewe, nikajipa alama mwenyewe, nikafaulu. Paja langu lilikuwa pungufu sentimita mbili na nilisema tepu imelegea. Ndiyo maana Jumatatu sikucheka.

Jana usiku akanipigia. Maji yamepungua, taulo anaikandamiza, kiti amefika nane kwa miguu miwili bila mkono. Nikamsifu. Kisha akafika alikokuwa anaelekea: "Kaka, Jumamosi tupo tisa tu." Nilinyamaza sekunde kadhaa, sitawadanganya, maana yeye ndiye beki wa kushoto na asipokuwepo upande ule wote nakimbia mimi. Nikamwambia hapana, ila aje na filimbi, achezeshe kwa kutembea.

"Na chupa?" akauliza.

Nikamwambia aje nayo, bendera ya kona ya upande wa barabara iliibiwa.