Hadubini, seli na tone la damu yako: maswali na majibu

Seli ni nini hasa?

Ni sehemu ndogo kabisa ya mwili yenye uhai wake: inakula, inatengeneza nguvu, inatoa taka, na nyingi hugawanyika zikazaa nyingine. Ngozi, ini, ubongo na mifupa vimejengwa na seli pamoja na vitu ambavyo seli zenyewe zimevitengeneza. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8, na mikromita moja ni milimita iliyogawanywa mara elfu. Tone unalotolewa kidoleni lina mamilioni ya seli hizo, ndiyo maana maabara haihitaji damu nyingi ili kujua mengi.

Nani alikuwa wa kwanza kuziona?

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alikata kwa kisu kikali kipande chembamba cha gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakitazama kwa hadubini. Aliona vijichumba vitupu vilivyopangana, akaviita seli. Alichokiona ni kuta tu, kwa kuwa seli zenyewe zilikwisha kufa.

Aliyeingia kwenye uhai wenyewe ni Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi. Hakusoma chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa siku zile. Alitengeneza lenzi zake mwenyewe, ndogo mno, akaibana moja moja kati ya vibati viwili na kuisogeza karibu kabisa na jicho huku ameelekea kwenye mwanga. Kimoja cha vifaa vyake vilivyosalia hukuza kitu takriban mara 270. Kwa vifaa vya namna hiyo aliona seli nyekundu za damu na mbegu za kiume, na mwaka 1683 akawaandikia wanasayansi wa Royal Society, London, kuhusu viumbe vilivyokuwa vikitembea kwenye utando alioukwangua katikati ya meno yake. Leo tunaviita bakteria. Kwangu mimi huyu ndiye baba wa maabara zote, na kilichomfikisha hapo ni mikono yake na subira.

Mbona basi nadharia ya seli ilichelewa mpaka karne ya 19?

Lenzi zilikuwa kikwazo. Hadubini zenye lenzi kadhaa zilizungushia kila kitu kingo za rangi rangi, hata usijue kipi ni cha kweli na kipi ni kasoro ya kioo. Mwaka 1830 Joseph Jackson Lister alieleza namna ya kupanga lenzi ili kasoro hiyo ipungue sana, na mambo yakaanza kwenda mbio. Mwaka 1831 Robert Brown alikieleza kiini cha seli alichokiona katika mimea. Mwaka 1838 Matthias Schleiden alisema mimea yote imejengwa kwa seli, na mwaka uliofuata Theodor Schwann akasema hivyo hivyo kuhusu wanyama.

Lakini Schleiden na Schwann walikosea jambo moja kubwa: walidhani seli mpya hujiunda kutokana na majimaji, jinsi fuwele zinavyotokea. Aliyeonyesha kwamba seli hutokana na seli nyingine kugawanyika ni Robert Remak, aliyechunguza seli za damu za vifaranga vikiwa bado ndani ya yai, akalitangaza hilo mwaka 1852. Rudolf Virchow alilisema mwaka 1855 kwa maneno machache ya Kilatini, *omnis cellula e cellula*, yaani kila seli hutoka kwenye seli, na sifa karibu yote ikamwendea yeye. Remak alikuwa Myahudi, na uprofesa kamili wa chuo kikuu alinyimwa kwa sababu hiyo. Jina lake linastahili kutajwa kila somo hili linapofundishwa.

Hayo yote yananihusu nini mimi mgonjwa?

Yanakuhusu sana. Mwaka 1858 Virchow alitoa mihadhara yake mjini Berlin akieleza kwamba ugonjwa hukaa ndani ya seli. Kabla ya hapo madaktari wengi waliamini maradhi yanatokana na majimaji ya mwili kukosa uwiano, na ndiyo maana waliwatoa wagonjwa damu kwa mabakuli. Ukishajua kwamba seli hutokana na seli, unaielewa saratani ilivyo: ni seli zako mwenyewe zilizoacha kutii utaratibu wa kugawanyika. Huambukizwi saratani kwa kula sahani moja na mgonjwa wala kulala naye chumba kimoja. Vipo virusi vinavyoambukizwa na vinavyoweza baadaye kuleta saratani, kama HPV kwa mlango wa kizazi na homa ya ini aina ya B kwa ini, na hivyo vyote vina chanjo.

Daktari anataka kuchukua kipande cha uvimbe. Je, kikiguswa si kitasambaa?

Hofu hii imewachelewesha watu wengi, hasa kina mama wenye uvimbe wa titi. Daktari huchagua njia ya kuchukua kipande kulingana na aina ya uvimbe na mahali ulipo, na hatari ya kuusambaza kwa njia hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na hatari ya kukaa na saratani isiyojulikana. Kipande hicho huhifadhiwa kwenye formalini, dawa ya maji inayozuia kisioze, kikagandishwa ndani ya nta, kikakatwa utando wa mikromita chache tu, kisha kikatiwa rangi: viini vya seli huwa vya zambarau na sehemu nyingine huwa pinki. Hapo daktari wa patholojia huangalia kama viini vimevimba, kama vimetofautiana mno, na kama seli zimevuka mpaka wake. Kazi hiyo huchukua siku, wakati mwingine wiki. Ulizia majibu yako, usisubiri kuitwa.

Nimepimwa nikaambiwa nina "malaria tano". Ni nyingi?

Hili huulizwa kila siku, na majibu mengi ya mitaani hupotosha. Vimelea vya malaria vilionwa kwa mara ya kwanza na daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, huko Constantine, Algeria, mwaka 1880. Njia ya leo bado ni ile ile kimsingi. Mtaalamu wa maabara huweka damu yako kwenye kioo kwa namna mbili, tone nene na tone jembamba, halafu huitia rangi ya Giemsa. Kwenye tone nene seli nyekundu hupasuka, zikabaki seli nyeupe na vimelea, hivyo ni rahisi kuvipata hata vikiwa vichache. Kwenye tone jembamba seli nyekundu hubaki nzima, na hapo ndipo hujulikana ni malaria ya aina gani. Kimelea kichanga cha falciparum, aina ya malaria iliyo hatari zaidi, huonekana ndani ya seli kama pete yenye kito: duara jembamba la buluu na nukta nyekundu.

Kisha huhesabu vimelea anavyokutana navyo mpaka amalize seli nyeupe 200. Kama ndivyo maabara yako inavyohesabu, "tano" ni vimelea vitano kwa seli nyeupe 200. Kwa kukadiria kuwa una seli nyeupe 8,000 katika mikrolita moja ya damu, hiyo ni takriban vimelea 200 kwa mikrolita. Kwa hesabu, si vingi.

Lakini usitulie kwa sababu ya namba. Seli zilizobeba falciparum aliyekomaa hunata kwenye kuta za mishipa midogo, ikiwemo ya ubongo, na kwa mjamzito kwenye kondo la nyuma. Hizo hazifiki kidoleni. Mtoto mwenye "malaria mbili" anayetapika kila kitu, anayedegedeka au asiyeamka vizuri yuko hatarini kuliko mtu mzima mwenye "ishirini" anayetembea. Dalili hizo ni za kukimbiza hospitali papo hapo.

Hadubini haikuona kitu, na bado naumwa. Nimeze dawa ya malaria tu?

Hapana. Kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea, mtaalamu anatakiwa apitie angalau maeneo 100 ya kioo kwa lenzi yenye mafuta, inayokuza mara 1,000. Kazi hiyo inataka muda, na ninaamini kwa dhati kwamba anayeifanya hapaswi kuharakishwa na foleni. Homa ikiendelea, rudi ukapimwe tena, maana vimelea vinaweza kuongezeka siku ya pili au ya tatu. Pia huenda ni ugonjwa mwingine kabisa. Virusi vingi havionekani kwa hadubini ya kawaida, kwani mwanga hauwezi kuonyesha vizuri kitu kidogo kuliko mikromita 0.2, na VVU ni takriban nusu ya hapo. Vinavyopimwa kwenye damu ni kingamwili zake, protini zake au vinasaba vyake.

Je, hadubini inatosha kujua kama mtoto ana selimundu?

Inaweza kuonyesha seli zilizopinda. Mwaka 1910 James Herrick wa Chicago alizieleza baada ya kuchunguza damu ya mwanafunzi mmoja kutoka Grenada. Lakini seli zilizopinda kwenye kioo hazitoshi kuthibitisha ugonjwa, na kipimo cha haraka cha kupindisha seli hakimtofautishi mgonjwa na mtu aliyebeba kinasaba kimoja tu cha selimundu. Kinachothibitisha ni kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini, protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni.

Kinasaba hiki kimeenea kwetu kwa sababu inayoeleweka. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Kenya na Uganda, alionyesha kwamba wanaokibeba kimoja wana kinga fulani dhidi ya malaria. Wanaoteseka ni waliorithi viwili. Kama baba na mama wote wanakibeba, uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni robo kwa kila mimba, na hesabu hiyo huanza upya kila mimba inapotunga, hata kama watoto watatu wa kwanza wamezaliwa wazima.