Kabla hujahamisha udongo wa kidimbwi

Anayetaka kuhifadhi uduvi wa vidimbwi vya msimu aanze na udongo mkavu. Maji yakikauka, uduvi wote hufa. Hubaki mayai yenye ganda gumu, yamelala katika sentimita chache za juu za udongo, na yanaweza kulala miaka mingi. Mvua ikinyesha, sehemu tu ndiyo huanguliwa. Mengine husubiri misimu ijayo. Hivyo uduvi unaowavua mwaka huu ni kipande tu cha akiba ya vinasaba iliyopo.

Ndiyo maana, kwa upimaji wa jeni, nasisitiza kuchukua sampuli za vyote viwili, udongo na uduvi. Udongo uchukuliwe kiangazi, kina cha sentimita 2 hadi 3, kidogokidogo kutoka sehemu nyingi, katikati hadi ukingoni. Utie kwenye mifuko ya karatasi. Plastiki hufungia unyevu na ukungu huota. Uduvi waliokomaa, 20 hadi 30 kwa kidimbwi, watoshe. Watie kwenye ethanoli (aina ya alkoholi) ya asilimia 95, na uibadilishe kesho yake kwa sababu maji ya miilini mwao huizimua. Formalini, dawa ya kuhifadhia mizoga, huharibu vinasaba, iepuke kabisa. Kila kidimbwi kiwe na chupa yake: ukichanganya uduvi wa vidimbwi viwili vyenye jeni tofauti, takwimu zitaonyesha kana kwamba uduvi wanazaana ndugu kwa ndugu, kumbe kosa ni la chupa.

Maabara nyingi hupima jeni za mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati) peke yake, kwa kuwa ni rahisi. Hapo ndipo chotara hupenya. Mitokondria hurithiwa kwa mama tu, kwa hiyo chotara mwenye mama wa spishi adimu huonekana halisi. Huko California, Marekani, spishi ya uduvi Branchinecta sandiegonensis, iliyoorodheshwa mwaka 1997 kuwa hatarini kutoweka, huzaana na Branchinecta lindahli iliyoenea sana, na watoto wao wana rutuba. Bila kupima pia jeni za kiini cha seli, zinazotoka kwa wazazi wote wawili, hutajua unahifadhi nani.

Udongo wa kurejeshea kidimbwi kilichoharibika utoke kundi lilelile la vidimbwi, uchotwe sehemu nyingi, na kidimbwi chenyewe kibakiwe na sehemu kubwa ya mayai yake. Udongo wa mbali huleta jeni ngeni, na mayai yakishamwagwa hayaokoteki tena. Matope ya buti, nyavu na magurudumu huyabeba vilevile. Kukausha matope hayo hakusaidii, kwani ukavu ndio mayai haya yanaoustahimili. Yasugue kwa brashi na maji papo hapo, kabla hujaondoka kwenye kidimbwi hicho.