Mjeledi hautaki misuli: dhana potofu zinazonichosha

Ukifundisha watu kuliza mjeledi hapa Queensland, Australia, unazoea maswali ya kila aina. Nisichokizoea ni kauli moja, ambayo kwa kawaida hutoka kwa mwanamume mwenye kifua kipana aliyerusha mara tatu na kuambulia kimya: “Basi ngoja niuvute kwa nguvu.” Hapana. Uweke chini kwanza, tuzungumze.

“Mlio unatokana na nguvu, na ukivuta nyuma ghafla ndipo unalia”

Mjeledi wa kusuka ni mnene kwenye mpini, kisha unapungua unene kidogo kidogo hadi kwenye ulimi, ule ukanda mmoja usiosukwa, na mwisho kabisa kipo kishungi cha nyuzi. Ukiurusha vizuri, kitanzi kinajiunda karibu na mkono na kusafiri kuelekea ncha. Kila kinapoingia sehemu nyembamba zaidi, uzito wa kusukuma unapungua huku nishati uliyoitia ikiwa ileile, kwa hiyo kasi inapanda. Kikifika kwenye kishungi kimeshaifikia kasi ya sauti, ambayo kwenye hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi ni kama mita 343 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 1,200 kwa saa. Unachokisikia ni wimbi la mshtuko, jambo lilelile linaloleta mshindo ndege ya kivita inapopita kasi ya sauti. Ngozi haikugonga ngozi, wala ncha haikugonga ardhi. Mwaka 2002 Alain Goriely na Tyler McMillen wa Chuo Kikuu cha Arizona walilipigia hesabu suala hili na kuonyesha kwamba kinachozaa mlio ni kile kitanzi chenyewe, ingawa sehemu za ncha huweza kukimbia mara mbili ya kasi ya sauti.

Sasa niambie, ni mkono gani wa binadamu utakaokwenda kasi hiyo? Ngumi ya bondia haifiki hata sehemu yake ya kumi. Kazi ya mkono wako ni kuunda kitanzi kilichonyooka na kukiacha kiende. Ukivuta nyuma kabla hakijafika mwisho, unafanya mambo mawili kwa mpigo: unakivunja, na unaiita ncha irudi kwako ikiwa bado na kasi. Ndiyo maana waliojifundisha wenyewe kwa kuiga filamu hunijia na alama masikioni na shingoni, halafu wanalaumu mjeledi kwamba ni mkali.

Fanya hivi. Tandaza mjeledi mbele yako ukiwa umenyooka. Inua mkono bila haraka, nje ya bega, mpaka mjeledi wote uondoke ardhini na kupita ubavuni kwenda nyuma. Kabla haujaanguka nyuma yako, utupe mbele kama mvuvi anayetupa mshipi, kisha simamisha mkono ukifika usawa wa bega. Halafu subiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo wengi wanaposhindwa, maana mkono unawasha kutaka kuongeza kitu. Usiongeze kitu. Na njia ya kwenda na ya kurudi iwe moja, ubavuni, isikatize juu ya kichwa. Ikipinda, kitanzi kinapinda nayo, na ncha itatua pale usipopataka.

Nina sharti ambalo wanafunzi hawalipendi: siku za mwanzo sitaki kusikia mlio wowote. Nataka kuona kitanzi kikijikunjua polepole juu ya nyasi, mara kwa mara, mkono wa kulia na wa kushoto. Mkono wa kushoto haujazoea kutumia ubabe, kwa hiyo mara nyingi ndio unaojifunza vizuri zaidi. Mlio utakuja wenyewe siku ambayo hukuutafuta, na mwenye kifua kipana atakuwa bado anavuta.

“Mjeledi ni kiboko tu”

Hili nalisikia kwa ndugu zangu wa Afrika Mashariki, na sababu naielewa. Kumbukumbu ya hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya enzi ya Mjerumani, haijafutika. Lakini kiboko cha ngozi ya mnyama kiboko ni kipande kimoja kigumu kilichotengenezwa kwa ajili ya kupiga mwili. Mjeledi wa wachungaji wa Australia ni msuko mrefu unaonyumbulika, na kazi yake kubwa ni sauti: ng'ombe anasikia mlio upande huu, anaelekea upande ule. Mchungaji anayempiga ng'ombe wake anaharibu ngozi yake mwenyewe ya kuuza.

“Mrefu ndio mzuri”

Kwa anayeanza, mita 1.8 inatosha. Wa mita tatu unachosha mkono na unakawia kujikunjua, na mtu akichoka anarudi kulekule kwenye kuvuta. Mfupi sana nao ni mtego: mambo yanatokea haraka mno, tena karibu na uso.

“Miwani ni ya waoga”

Sina mjadala hapa. Miwani ya kinga, kofia ya pama, mikono mirefu, vizibo vya masikio. Jicho halina spea. Mtu yeyote asiwe karibu nawe kwa urefu wa mjeledi pamoja na mkono wako, kisha ongeza hatua kadhaa. Na kama kuna farasi wa jirani nyuma ya uzio, nenda kwingine.

“Ngozi inataka mafuta mengi”

Baada ya kuvuta, hili ndilo la pili kwa kunikera. Watu wanachovya mjeledi kwenye mafuta ya kupikia au ya nazi, wanauacha usiku kucha, asubuhi wananiletea kitu kilicholegea kama kimekata tamaa. Ngozi iliyolowa mafuta inavutika, nyuzi za msuko zinaachana, na ule ugumu wa karibu na mpini uliokuwa unakianzisha kitanzi unapotea. Mafuta ya mimea pia huchacha. Tumia mafuta ya ngozi yenye shahamu au nta, kidogo sana, upake kwa vidole na ufute yaliyobaki. Msuko wa ngozi ya kangaruu, ambayo ni nyembamba lakini imara ajabu, hauhitaji kupakwa mara nyingi. Ulimi ndio unaohitaji zaidi, kwa sababu ndio unaoburuzwa na kupigwa na hewa.

Ukinyeshewa, ufute, uunyooshe na uache ukauke kivulini. Si juani, si karibu na jiko, si kwenye dashibodi ya gari. Kwa wanaoishi pwani penye unyevu, usiufungie kwenye mfuko wa plastiki, utaota ukungu. Ukunje kwa mduara mpana ukifuata mkunjo wake wa asili. Ukiona fundo kwenye ulimi, lifungue kabla ya kurusha tena. Ukirusha na fundo, ulimi utakatika hapohapo.

“Kishungi kimechanika, mjeledi umekufa”

Kishungi kinachanika kwa sababu ndicho kinachofanya kazi nzito, na kimewekwa pale ili kichakae badala ya ulimi. Sokota kingine kwa uzi wa nailoni, ufunge, uendelee. Ninachokataa ni kurusha bila kishungi kabisa “kwa leo tu”. Hiyo leo tu inakula ulimi. Vilevile fanyia mazoezi kwenye nyasi, maana saruji na changarawe zinasaga kishungi, ulimi na msuko kwa pamoja.

“Wa nailoni si mjeledi wa kweli”

Kwa mwanafunzi mimi nauchagua wa nailoni. Haudai mafuta, ukichafuka unaoshwa kwa maji na sabuni, mvua haiuhangaishi. Muhimu ni msuko uliokaza na unene unaopungua taratibu. Mijeledi ya ngozi ya maduka ya watalii mara nyingi haina hata kimoja kati ya hivyo: msuko umelegea, ndani kuna kamba tupu, na haitalia hata airushe bingwa. Uning'inize ukutani, uko vizuri kwa kazi hiyo, lakini usiniletee nikufundishie.